Maji ya kombe kwanza, krimu baadaye

Chauda yangu ya kwanza, yani supu ya kombe wa baharini, ilikuwa nzito mpaka mwiko unasimama wenyewe katikati ya sufuria, na mimi nilifurahi kweli maana nilidhani ndo inavyotakiwa. Nilikuwa nimefungua makopo manne ya kombe, nimemwaga maji yake yote kwenye sinki, nikaweka unga wa ngano vijiko sita vikubwa na paketi mbili za krimu, alafu nikampelekea bibi niliyekuwa namhudumia kwenye treya yake. Akaonja kijiko kimoja. Akakiweka chini taratibu, akaniuliza, "Maji yao umeyapeleka wapi?" Nikamwambia nimeyamwaga bibi, si yalikuwa maji ya kopo tu. Akanyamaza muda mrefu anaangalia dirishani, nikadhani kachukia, kumbe alikuwa anafikiria aanzie wapi kunieleza.

Mimi nakaa Lowell, Massachusetts, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na kwa karibu miaka mitatu nilikuwa nashika zamu za wikiendi kwa bibi mmoja kule Cape Cod, pwani ya Massachusetts, naingia Ijumaa jioni natoka Jumatatu asubuhi. Miguu yake ilikuwa imechoka, hasimami zaidi ya dakika mbili tatu, ila akili ilikuwa timamu na ulimi wake wa kuonja ndo usiseme. Alikuwa amepika maisha yake yote na sasa jiko lake linaguswa na watu wengine, na nilikuja kuelewa baadaye kwamba hilo lilikuwa linamuuma kuliko hata magoti. Kwaiyo tukapatana, yeye anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu pembeni ya meza ya jikoni, mi nakuwa mikono yake. Anasema, nafanya. Akiona nakosea anagonga meza na kijiko cha mbao, ko ko ko, mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni nikitaka kuharakisha kitu huwa nakisikia kile kijiko.

Kwa asiyeijua, chauda ni supu nzito ya watu wa New England, yani kile kipande cha kaskazini mashariki mwa Marekani chenye Maine, Massachusetts, Rhode Island na wenzao. Kwenye maandishi ya Kiingereza utaikuta na r mwishoni, ila watu wa pande za Boston wanaimeza hiyo r wanasema chauda, yani ukisoma Kiswahili chako kama kilivyo umetamka sawa na mwenyeji. Ndani kuna kombe, wale viumbe wa baharini wa maganda mawili yanayojifunga (wengine mnamwita chaza), kuna viazi, vitunguu, kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi, na maziwa au krimu. Zamani hata hayo maziwa hayakuwemo. Gazeti moja la Boston lilichapa mapishi ya chauda mwaka 1751, na yale yalikuwa ya samaki, unapanga kitunguu, nyama ya nguruwe, samaki na biskuti ngumu za mabaharia tabaka juu ya tabaka, biskuti ndo zinafanya supu iwe nzito. Maziwa yalikuja baadaye. Bibi alikuwa anapenda kunikumbusha hilo kila akiona nashika chupa ya krimu mapema, anasema watu waliila chauda vizazi na vizazi bila hiyo chupa. Rhode Island mpaka leo wapo wanaopika ya mchuzi mweupe mwepesi, hakuna maziwa kabisa, ni kombe na maji yake. Alafu kuna ile ya nyanya inayoitwa ya Manhattan, hiyo kwa bibi ulikuwa hulitaji jina lake mezani. Na hakuwa peke yake, mwaka 1939 kule Maine kuna mbunge alipeleka muswada wa kupiga marufuku nyanya kwenye chauda ya kombe. Watu wanaichukulia hii kitu kwa uzito, na mi nimeishia kuwa mmoja wao.

Sasa hayo maji niliyoyamwaga. Ili nielewe, bibi alimwambia mwanae wa kiume anipeleke nikaone kombe anatoka wapi. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, baridi ndo inaanza kuuma, tukaenda maji yakiwa yamepwa. Ule ufukwe ukipwa unakuwa uwanja mpana wa mchanga na tope jeusi linalonuka chumvi, watu wamesambaa wameinama na reki zao za meno marefu na ndoo. Pale huwezi kuchimba bila kibali, kila mji unatoa vya kwake, mi sikuwa nacho kwaiyo kazi yangu ilikuwa kushika ndoo na kuangalia. Yule jamaa anavuta reki taratibu, mara unasikia krrr, chuma kinakwaruza kitu kigumu, anaingiza mkono anatoka na kombe wa saizi ya ngumi. Wanamwita kwahogi, neno limetoka kwa Wanarragansett, wenyeji wa asili wa upande ule. Kila mmoja anapimwa na kibati chenye uwazi wa inchi moja, akipita kwenye ule uwazi ni mdogo, anarudishwa mchangani palepale. Wadogo waliotimiza kipimo, yani wasiopenya kwenye ule uwazi, ndo wanaliwa wabichi au wa kuchemsha juu juu, wale wakubwa wazee wenye nyama ngumu ndo wa chauda, kwasababu ugumu wao utaukatakata vipande vidogo lakini ladha yao hao wadogo hawaifikii hata robo.

Alinionyesha ganda ndani, lina doa la zambarau kali pembeni kama wino umemwagika. Wenyeji wa asili walikuwa wanachonga shanga kwenye hicho kipande cha zambarau, wampumu, shanga za heshima kweli. Bibi alikuwa na ganda kama hilo kubwa kwenye sinki lake, anawekea sabuni.

Kitu kingine nilichojifunza siku ile na ningependa kila mtu akijue kabla hajaingia baharini na ndoo yake: kuna vipindi uvuvi unafungwa. Kuna vijimea vidogo vya baharini vikizaliana sana kombe wanavichuja wanabaki na sumu mwilini, wenyewe wanaita wimbi jekundu, na hiyo sumu haifi kwa kuchemsha wala kugandisha, haina harufu wala ladha, na inaua kwa kupooza misuli ya kupumulia. Mvua kubwa ikinyesha pia kuna maeneo yanafungwa maana uchafu wa nchi kavu unaingia baharini. Kwaiyo unaangalia tangazo kwanza, kila mara, hata kama ulichimba palepale wiki iliyopita. Na ukinunua dukani uliza lebo, kila gunia la kombe linakuja na lebo inayosema limevunwa wapi na lini, na muuzaji anatakiwa kuitunza siku 90 tangu gunia liishe. Muuza samaki mzuri atakuonyesha bila kununa. Akinuna we ondoka.

Tukarudi na ndoo. Bibi akawa tayari yuko mezani ananisubiri na kijiko chake.

Kombe ni wa kuwa hai mpaka anaingia kwenye sufuria, hapo hakuna mjadala. Aliyefunga kabisa ni mzima. Aliyeacha mdomo wazi unamgonga kidogo na mwenzake, akijifunga yuko hai, akibaki wazi unatupa. Usimweke kwenye maji ya bomba muda mrefu, atakufa, usimfungie kwenye mfuko wa plastiki kwenye friji, atakosa hewa afe pia, mfunike na kitambaa kibichi tu. Mi nilishawahi kuua ndoo nzima kwa kuwalaza kwenye maji baridi ya bomba usiku kucha nikidhani nawasafisha, asubuhi nusu wamekaa wazi hawashtuki hata ukiwapigia ngoma. Ya kutolea mchanga ni maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita moja ya maji hapo unakaribia bahari yenyewe, masaa mawili matatu yanatosha, alafu unasugua ganda na brashi ngumu mpaka mkono unachoka. Usiruke hapo kwenye kusugua, maana maji yao utakayoyapata ni masafi kadiri ganda lilivyokuwa safi.

Kwa watu sita nilikuwa natumia wale wakubwa kama 16, karibu paundi nane na maganda yao. Sufuria pana, maji vikombe viwili tu, hakuna chumvi, mfuniko juu, moto mkali. Hapa bibi alinifundisha kusimama jikoni nisiondoke. Hawafunguki kwa pamoja. Wa kwanza anafunguka dakika ya sita, mwingine ya kumi, kuna mkaidi mpaka ya kumi na tano, na kila anayefunguka unamtoa hapohapo na koleo, usisubiri wenzake, ukisubiri huyo wa kwanza anakuwa mpira. Atakayegoma kabisa kufunguka unamtupa.

Kinachobaki chini ya sufuria ndo kile nilichokuwa nimekimwaga sinki. Ni maji ya kijivu, yana ukungu, ukiyaangalia hayana mvuto wowote. Bibi akaniambia nichukue kijiko nionje yakiwa ya moto. Sijui nielezeje, ni kama umevuta hewa ya bahari ukaimeza, ina chumvi ila baada ya chumvi kuna utamu unakaa ulimini muda mrefu. Nikamwangalia, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Unayaacha yatulie dakika kumi mchanga ushuke chini, alafu unayachuja taratibu kwenye kitambaa safi au ile karatasi ya kuchujia kahawa, na vile vijiko viwili vitatu vya mwisho vyenye tope unaviacha. Ukipata vikombe vinne mpaka vitano umepata supu yako, vingine vyote ni vya kuisindikiza.

Baada ya hapo ni kupika kwa utulivu. Nyama ya nguruwe ya chumvi kama gramu 110 unaikata vipande vidogo unaiweka kwenye sufuria nzito ikiwa bado ya baridi, moto mdogo, mafuta yatoke yenyewe mpaka vipande viwe vya dhahabu, unavitoa pembeni. Kwenye mafuta yale vitunguu viwili na selari vijiti viwili, vilainike bila kubadilika rangi. Unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, sio sita, unakoroga dakika mbili ule ubichi uishe. Ndo unaanza kumimina maji ya kombe kidogo kidogo huku unakoroga, jani moja la bei livu, thaimu kidogo, na viazi paundi moja na nusu vilivyokatwa vipande vya nusu inchi. Kuna rafiki yetu hali nguruwe, akija natumia siagi tu na supu haipungukiwi kitu cha kulilia.

Kwenye viazi tulibishana sana na bibi. Yeye alitaka viazi vya unga vinavyosambaratika, anasema ndo vinafanya supu iwe nzito yenyewe bila unga, mi nilitaka vile vya njano vinavyobaki na umbo maana napenda kukutana na kiazi mdomoni. Tukaishia katikati, natumia vya njano alafu vikiiva naponda vichache ukutani mwa sufuria na mgongo wa mwiko, ile wanga yake inaingia kwenye mchuzi. Ukifanya hivyo mara moja utashangaa ulaini unaopatikana, na hapo krimu bado haijaingia hata tone.

Na hapa ndo pale alipokuwa anagonga meza nikinyoosha mkono kwenye krimu. "Onja kwanza." Naonja. "Ni tamu?" Nikisema bado kidogo bibi, anasema basi iache, krimu haitaisaidia. Kama maji ya kombe ni mepesi yachemke yapungue, kama kiazi hakijaiva subiri, kama vitunguu havikulainika vizuri hapo umeshachelewa ila utajua siku nyingine. Supu iwe imekamilika kabla ya maziwa. Kwa mimi hilo lilibadilisha kila kitu, maana nilikuwa nimeamini kabisa kwamba chauda laini inatoka kwenye wingi wa krimu, na kila ikikosa ladha naongeza krimu, na kila nikiongeza krimu ladha ndo inazidi kufunikwa, naongeza chumvi, mwisho wa siku nakula maziwa ya chumvi yenye vipande vya mpira ndani.

Krimu ikishaingia supu haichemki tena. Hilo nililijua kwa kuumia. Wikiendi moja bibi alikuwa amesinzia sebuleni, duka halikuwa na krimu nzito nikachukua maziwa yaliyopunguzwa mafuta nikaona maziwa ni maziwa, nikayamimina ya baridi kutoka kwenye friji moja kwa moja kwenye supu inayotokota, nikaenda kupokea simu. Narudi, supu imekatika. Vipunje vyeupe vinaelea juu na chini kuna maji ya njano njano, kombe wa ndoo nzima wamepotea hivyo, na asubuhi ile mtu alisimama kwenye maji ya baridi masaa matatu kuwachimba. Nilikaa kwenye kile kistuli cha jikoni nikalia kidogo. Krimu nzito yenye mafuta asilimia 36 au zaidi inavumilia joto kwasababu mafuta yake ni mengi kuliko protini, maziwa mepesi hayana huo ulinzi, protini inashikana na kujitenga. Kwaiyo sasa hivi natoa krimu kwenye friji mapema, kikombe kimoja na nusu, nachota mchuzi wa moto nachanganya humo kwanza ipate joto, ndo namimina kwenye sufuria moto ukiwa mdogo kabisa, na macho hayatoki pale.

Kombe wenyewe wanaingia mwisho kabisa. Wameshaiva kwenye mvuke, umewakata vipande vidogo, unawaweka moto ukiwa umezimwa, joto la supu linatosha kuwapasha. Mara ya kwanza mimi niliwachemsha pamoja na viazi nusu saa nzima, yani unatafuna unatafuna mpaka taya zinauma. Chumvi pia ni mwisho, na mara nyingi haihitajiki, unaonja unakuta bahari imeshamaliza hiyo kazi. Pilipili manga kidogo basi.

Alafu unaiacha. Bibi alikuwa haruhusu chauda iliwe saa ileile, angalau saa moja itulie, na bora zaidi kesho yake. Nilidhani ni mambo ya wazee mpaka nilipolinganisha mwenyewe, ya jana viazi vimekunywa mchuzi, vitunguu na kombe vimeongea lugha moja, na uzito wake umekaa sawa. Ila ukiilaza usiiache juu ya jiko usiku, igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka iingie friji ndani ya masaa mawili. Na kuipasha ni moto mdogo, unakoroga, ikianza kutoa mvuke inatosha.

Mkate sasa ni hadithi ya pande nyingine ya nchi. Baba watoto alikuwa ameenda San Francisco kikazi, akatutumia picha yuko Fisherman's Wharf, kule bandarini, na chauda ndani ya mkate mzima wa duara, kifuniko pembeni, mvuke unatoka. Watoto wangu wakaishikilia ile picha, mama lini, mama lini. Bibi nilipomwonyesha akasema hayo ni mambo ya California, chauda ni ya bakuli na biskuti ndogo za chumvi, basi. Lakini akaongeza, kama unafanya, fanya vizuri.

Sikufanya vizuri. Nilinunua mikate ya duara supamaketi, ile laini ukiibonyeza inarudi, nikaikata nikatoa ndani nikamwaga supu ya moto. Hata dakika tano hazikufika. Kitako kililowa kikaachia, chauda ikatembea kwenye sahani, ikavuka ukingo wa treya ikaenda kwenye blanketi la bibi. Nashukuru Mungu ilikuwa imepoa kidogo haikumuunguza. Nilitetemeka zaidi ya yeye. Tangu siku ile mkate wenye supu kwangu hauliwi mapajani, ni mezani tu, na chini yake kuna sahani yenye kingo.

Kwaiyo nikaanza kujifunza mkate. San Francisco wanatumia mkate wa chachu wa tangu enzi za watu kukimbilia dhahabu, waokaji wa pale wanaoitwa Boudin wenyewe wameanza kuoka 1849, na kuna bakteria wa ile chachu ambaye wanasayansi walimwelezea mwaka 1971 wakampa jina la mji, leo anaandikwa sanfranciscensis. Ila chachu unaianzisha popote, yangu ni ya unga na maji tu, niliilisha kila siku kama siku kumi mpaka ikawa inapanda mara mbili bila kunidanganya. Nilichojifunza kwa ajili ya bakuli ni kwamba donge liwe kavu kidogo kuliko la mkate wa kawaida wa chachu. Ile mikate yenye matundu makubwa inayosifiwa mtandaoni kwa bakuli ni hasara, kila tundu ni mlango wa supu kutokea. Mimi natumia unga wenye protini nyingi gramu 500, maji gramu 325, chachu gramu 100, na wakati ule chumvi gramu 10. Unakanda mpaka donge linavutika bila kukatika, linaumuka masaa manne mpaka sita kutegemea baridi ya nyumba, unaligawa matatu, unafinyanga kila moja duara huku unalivuta juu ya meza ngozi yake ikaze kama ngoma, unalaza kwenye friji usiku. Hiyo ngozi kukaza nilichukua wiki nyingi kuipata mkononi, unaweka kiganja nyuma ya donge unalivuta kuelekea kwako, linashika meza kidogo linajikunja chini, unazungusha, unavuta tena, mpaka unaona uso umenyooka hauna mkunjo. Lisipokaza linatambaa pembeni linakuwa sahani badala ya bakuli.

Oveni nyuzi 450 za Fahrenheit, iwe imepata moto sawasawa, ndani unaweka treya ya maji ya moto itoe mvuke dakika 20 za kwanza ganda litanuke vizuri, alafu unatoa maji dakika 20 nyingine ganda likauke liwe la kahawia iliyokolea. Usiogope ile rangi. Mkate wa rangi ya maziwa ni mkate utakaovuja.

Alafu usiukate siku hiyo. Mkate wa moto ndani bado ni tope, ukiukwangua unararuka. Mkate wa jana ndo bakuli. Unakata kifuniko kwa kisu cha meno ukikiinamisha kuelekea katikati, kama unakata shina la boga, ili kifuniko kikae bila kuzama. Ndani unatoa kwa vidole, unaacha ukuta wa kama inchi moja kasoro na kitako kinene zaidi, na badala ya kuokota chini unabonyeza ule ulaini uliobaki ushikamane. Unapaka siagi iliyoyeyuka ndani kote, unarudisha oveni nyuzi 350 dakika kumi mpaka ukiugusa ndani unakwaruza kidole. Siagi na huo ukavu ndo vinazuia supu. Vile vya ndani ulivyotoa paka siagi choma pamoja, ni vya kuchovyea.

Mwezi wa pili, wiki ile shule za Massachusetts zinafunga, bibi akaniambia niwalete watoto. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, barabara ya kuingia kwake tuliichota kwa koleo sisi wenyewe. Chauda nilikuwa nimeipika jana yake na kombe walionunuliwa kwa muuza samaki maana ufukweni kulikuwa na barafu, mikate nimekuja nayo kutoka Lowell imefungwa kwenye taulo. Sikumimina mpaka kila mtu amekaa. Nikaweka mikate kwenye sahani zenye kingo, nikachota supu iliyo moto ila haitokoti, nikafunika vifuniko. Mtoto wangu mdogo akainua chake akachungulia ndani kama anachungulia kisima.

Bibi supu yake nilimwekea kwenye bakuli lake la zamani lenye ufa, na zile biskuti ndogo, kama anavyotaka. Akala kimya. Dakika ishirini hivi mikate ilikuwa imesimama, kitako cha mkubwa kimeanza tu kulainika, watoto wamefika hatua ya kurarua kuta na kula na mchuzi wake. Nikaona bibi anauangalia mkate uliobaki katikati ya meza. Akanyoosha mkono, akachukua kifuniko, sio mkate, kifuniko tu, akakivunja vipande viwili, kimoja akakizamisha kwenye bakuli lake akakiacha humo kikanywa mpaka kikawa kizito, ndo akala. Nikasubiri. Akala na cha pili.

"Supu ni nzuri," akasema. "Mkate chumvi yake imezidi. Supu ina ya kwake."

Nikarudi Lowell nikapunguza kutoka gramu 10 hadi gramu 8, na ndo kipimo changu mpaka leo.